Mahujaji wa Meli ya Jeddah (1297H/1880): Khabari za Magazeti na Utafutaji wa Nasaba



Tarehe 10 Agosti 1880 meli iitwayo Scindia iliingia bandari ya Aden ikiwa imebeba watu iliowaokota baharini. Miongoni mwao alikuwa Nahodha Joseph Lucas Clark, mkewe, msaidizi wake wa kwanza Augustine Podmore Williams, fundi mkuu wa mitambo na wengineo. Walieleza kwamba meli yao, Jeddah, iliyokuwa imechukua mahujaji karibu elfu moja kutoka Singapore na Penang kwenda Hijja, imezama karibu na Socotra. Wakasema tena kwamba mahujaji waliwafanyia jeuri na kuwaua wenzao, na kwamba wao wameponea chupuchupu.

Wakati huo Aden ilikwisha kuunganishwa na Bombay na Suez kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1870. Kwa hiyo khabari haikungoja meli. Kwa muda wa siku moja au mbili ilikuwa imefika London na Singapore, na magazeti yakachapisha kwamba mahujaji wote wameghariki. Mwenye meli mjini Singapore aliletewa simu ya maandishi yenye maneno machache: meli imezama, waliosalimika ni nahodha na mkewe na kikundi kidogo.

Siku ya pili, tarehe 11 Agosti, meli nyingine ya Kiingereza iitwayo Antenor, iliyokuwa ikitoka Mashariki ya Mbali kwenda London, iliingia Aden polepole ikiwa imeikokota kwa kamba meli ya Jeddah yenyewe. Haikuwa imezama. Na juu ya sitaha yake walikuwapo mahujaji, wanaume, wanawake na watoto, wazima isipokuwa wachache waliopotea katika vurugu za usiku ule.

Tukio hili linazungumzwa sana na wasomi wa fasihi ya Kiingereza kwa sababu nitakayoitaja mbele. Sisi lina haki kwetu zaidi kuliko kwao, kwani waliokuwa ndani ni wageni wa Mwenyezi Mungu. Tena linagusa milango mitatu ya elimu yetu: mlango wa kupokea khabari, mlango wa aliyepotea (al-mafquud), na mlango wa kuthibitisha nasaba. Siku hizi watu wengi wanatafuta mababu kwa kupekua magazeti ya kale yaliyowekwa katika intaneti, na wengine huwajia maimamu wao na karatasi mkononi wakitaka iwe hoja ya nasaba au mirathi. Imamu huyo ni lazima ajue karatasi ile ina nguvu gani na inaishia wapi.

Safari yenyewe

Meli ya Jeddah ilijengwa Dumbarton, Scotland, mwaka 1872, na kazi yake ilikuwa kuchukua mahujaji. Ilikuwa mali ya kampuni ya Singapore iliyosimamiwa na Sayyid Muhammad Alsagoff. Msomaji wa Pwani yetu asibabaishwe na herufi hizo: Alsagoff ni as-Saqqaaf, Masharifu wa Hadhramaut, ukoo ule ule ambao matawi yake yako Lamu, Ngazija na kwingineko kwetu. Waliingia Singapore katika karne ya 19 wakawa matajiri wa biashara, meli na mashamba.

Jeddah ilitoka Singapore tarehe 17 Julai 1880 ikapitia Penang. Mwenye kuijua bahari yetu atashangaa kuona tarehe hizo. Huo ni moyo wa kusi. Manahodha wa majahazi wa Pwani na wa Arabuni hawakuwa wakithubutu kupita upande wa Ras Hafun na Socotra katika miezi ya Julai na Agosti. Bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa, na chombo kilipandishwa pwani kikatiwe kalafati mpaka upepo upungue. Lakini meli ya moshi haikungoja msimu. Iliingia katika kusi ile ikiwa imejaa watu na mizigo.

Tarehe 3 Agosti mawimbi yalizidi hata boila za mvuke, matangi mazito ya chuma yanayochemshia maji ya kuendeshea mitambo, zikang'oka katika makalio yake. Mafundi wakazikaza kwa kabari za mbao. Tarehe 6 kabari zikaachia. Mabomba yakavunjika, maji yakaanza kuingia kwa chini, pampu hazikuweza kufanya kazi. Waliofua maji ni mahujaji wenyewe, kwa ndoo na mikono, zamu kwa zamu, pamoja na mabaharia. Wakajaribu kutandika matanga, upepo ukayachana.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti nahodha na maofisa wake walianza kuteremsha mashua. Mahujaji walipofahamu kwamba nahodha anawakimbia, walijaribu kumzuia, na hapo ndipo ilipotokea vurugu ambayo baadaye iliitwa uasi wa abiria. Baadhi ya watu walianguka baharini wakafa. Mashua ya nahodha iliondoka, nayo ikaokotwa na Scindia asubuhi ile ile.

Hapa pana jambo ambalo sikuliona katika maandishi ya Kizungu niliyoyapitia, na kwa mwenye kufuata kalenda ya Hijria ni dhahiri. Muharram ya mwaka 1297 iliingia katikati ya Disemba 1879. Ukihesabu miezi minane kutoka hapo utaifikia Ramadhani, na mwezi wake uliandama tarehe 7 Agosti 1880 au karibu sana na hapo. Yaani mahujaji wale waliachwa katika usiku wa mwanzo wa Ramadhani au uliopakana nao. Kama waliuona mwezi katika dhoruba ile au hawakuuona, Allah ndiye Mjuzi. Msafiri ana ruhusa ya kula, na aliye katika hatari ya kuangamia hukumu yake inajulikana. Lakini mjukuu aliyesikia kwao kwamba "babu alipotea baharini mwezi wa Ramadhani" sasa ana alama ya kuilinganisha na tarehe ya gazeti, na alama kama hii ina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Walioachwa hawakukaa wakingoja kufa. Waliendelea kufua maji, na chombo kikapandisha alama za kuomba msaada. Antenor ikaziona, ikakaribia, na msaidizi wa nahodha wake akavuka kuja kuusimamia uokozi. Maji yakapunguzwa, kamba ikafungwa, na chombo kilichosemwa kuwa kimezama kikaingia bandarini.

Serikali ya Kiingereza ikafanya baraza la uchunguzi hapo hapo Aden. Nahodha Clark alikutwa na hatia ya kuiacha meli, cheti chake kikasimamishwa kwa miaka 3, na mwenendo wa Williams ukalaumiwa. Wengi wakati huo waliiona adhabu kuwa nyepesi. Jambo hilo lilizungumzwa mpaka katika Bunge la London na katika baraza la serikali la Singapore. Mwaka uliofuata kulikuwa na kesi ya ujira wa uokozi, wenye Antenor wakidai haki yao kwa kuiokoa meli na mali.

Watu wengi wamesema neno moja

Maulamaa wa Usulu na wa Mustalahul-Hadith wanapoieleza khabari mutawaatir husema kwamba ni khabari iliyopokewa na kundi ambalo kwa ada haiwezekani wakaafikiana juu ya uwongo. Wanafunzi wengi wa madrasa zetu huhifadhi neno "kundi", wakaanza kubishana kuhusu idadi: ni 4, ni 10, ni 40? Wanasahau sehemu ya pili, nayo ndiyo roho ya sharti lile. Idadi haisaidii kitu kama wapokezi wote wamekaa katika mashua moja, wana aibu moja ya kuificha, na wamepata siku mbili ndani ya Scindia za kupanga maneno yao.

Khabari ya Aden ilikuwa na wapokezi wengi. Walikuwapo mahali pa tukio. Walikuwa na vyeo. Mwingine alikuwa mwanamke, ambaye watu huwa wepesi kumhurumia. Na katika mashua ile alikuwamo pia Sayyid Omar, mpwa wa mwenye meli, Mwislamu na Sharifu. Sina haja ya kumhukumu mtu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, lakini siwezi kulificha jina lake kwa kuwa ni wa nyumba tunayoipenda. Wanavyuoni wa Rijaal hawakuacha kumchunguza mpokezi kwa sababu ya nasaba yake, nao ndio waliokuwa wakiwapenda Ahlul-Bayt kuliko sisi.

Aya ya 6 ya Suratul-Hujuraat imetuamrisha kuichunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tazama ni akina nani waliokaribia kudhuriwa hapa. Kwanza ni heshima ya mahujaji, ambao katika khabari ya mwanzo waliitwa wauaji. Lau kamba ya Antenor ingekatika njiani na Jeddah ikazama kwelikweli, khabari ya nahodha ingebaki kuwa ndiyo historia, na leo wajukuu wangesoma kwamba babu zao waliangamia baada ya kuwaua mabaharia. Hakuna hata mmoja ambaye angebaki kuieleza khabari kwa upande wao.

Pili ni wake na warithi. Tuchukue mfano tu: mwanamke wa Penang amemsindikiza mumewe mwezi wa Shaaban, kisha wiki chache baadaye anasomewa gazeti kwamba wote wamezama. Je, aanze eda? Na ndugu wa mume wagawane shamba?

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shaafi'i, kauli yake mpya iliyo tegemeo ni kwamba mke wa aliyepotea haolewi mpaka iwe yakini mumewe amekufa au amemwacha. Kauli yake ya zamani, ambayo pia ni ya Maalik, ni kungoja miaka 4 kisha kukaa eda ya kufiwa, miezi 4 na siku 10, kwa kufuata hukumu ya Sayyidna Umar (R.A.). Wanavyuoni wa Kihanbali wamepambanua: aliyepotea katika hali ambayo dhahiri yake ni salama, kama msafiri wa biashara, hungojwa mpaka atimize miaka 90 tangu kuzaliwa, na aliyepotea katika hali ambayo dhahiri yake ni kuangamia hungojwa miaka 4. Na mfano wao mashuhuri katika hali hii ya pili ni jahazi lililovunjika, baadhi ya watu wake wakazama na baadhi wakaokoka. Mtu husoma mfano ule chuoni akadhani ni wa kupigia mazoezi tu.

Ama mali, mashekhe wetu wamesema haigawanywi mpaka ithibiti kufa kwake kwa ushahidi, au upite muda ambao mfano wake haishi zaidi yake na kadhi akahukumu. Ikiwa mume na mke au baba na mwana wamezama pamoja na haikujulikana aliyetangulia, hawarithiani wao kwa wao kwa kauli ya wengi, na kila mmoja hurithiwa na warithi wake walio hai.

Vitabu vyetu pia vina mas-ala ya mwanamke aliyeambiwa na mtu mmoja mwadilifu kwamba mumewe amekufa: yajuzu kwake baina yake na Mola wake kuitegemea khabari ile, lakini kadhi kwa dhahiri hahukumu kwayo. Sasa gazeti lina uadilifu gani? Mwandishi wake hajulikani, naye amenakili kutoka simu ya maandishi, na simu imeandikwa na mtu ambaye cheo chake kinategemea kuaminiwa kwa maneno yale. Kwa lugha ya wanavyuoni, hiyo ni sanadi iliyokatika, na aliye mwisho wake ni mwenye kutuhumiwa. Aliyeifanyia haraka khabari ya tarehe 10 angekuwa amekwisha kugawa mirathi ya watu walio hai.

Magazeti yameandika nini, na yameacha nini

Mtu akifungua magazeti ya mwezi ule atakuta habari nyingi. Atakuta jina la nahodha, la msaidizi wake, la mwenye meli, majina ya meli tatu, hukumu ya baraza la uchunguzi, barua za wasomaji waliokasirika. Majina ya mahujaji hatayaona. Hata idadi yao hawakuafikiana: pengine utakuta 953, na pengine 992, ambayo ni jumla ya wanaume 778, wanawake 147 na watoto 67. Wanadamu wapatao 40 wanaongezeka na kupungua kwa kugeuza ukurasa. Nahodha mmoja aliandikwa jina lake kamili pamoja na herufi za katikati.

Kisha akaja mwandishi Joseph Conrad, ambaye aliwahi kuwa baharia katika bahari zile, akalichukua tukio hili na kulifanya msingi wa riwaya yake ya mwaka 1900, Lord Jim. Meli akaipa jina la Patna, na habari yote ikawa ni dhamiri ya kijana wa Kiingereza aliyeruka kuingia katika mashua. Wataalamu wa fasihi wakapekua magazeti ya Singapore na London wakimtafuta Williams: alizaliwa wapi, alioa nani, alikufa lini. Kitabu cha Norman Sherry cha mwaka 1966 kilikusanya mengi katika hayo. Basi tuna wasifu wa aliyekimbia. Wale waliobaki wakifua maji ni "mahujaji" tu, katika gazeti na katika riwaya.

Sisemi hili kwa kulalamika. Ninalisema kwa sababu mtafutaji akifungua gazeti akitarajia kulikuta jina la babu yake, asipolikuta huhitimisha kwamba babu hakuwamo, na huo ni upungufu wa hoja. Kutotajwa si dalili ya kutokuwapo, hasa katika kitabu ambacho hakikukusudia kuwataja watu wa aina yako.

Njia ya kuwatafuta

Aanze na mapokezi ya nyumbani kabla ya gazeti. Wazee wanasema nini: babu alitoka bandari gani, mwezi gani wa Kiislamu, alifuatana na nani, alirudi au alibaki Makka? Ayaandike maneno yao kama walivyosema, bila ya kuyanyoosha, na amtaje aliyesema na aliyempokea kwake. Akilisoma gazeti kwanza kisha akaenda kuwauliza wazee, atawatia maneno kinywani bila ya kukusudia.

Kisha ajue kwamba jina limebadilika. Wajawa, kama walivyoitwa Makka watu wote wa visiwa vile na rasi ya Malaya, walikuwa na ada ya kupokea jina jipya la Kiarabu baada ya Hijja. Aliyeondoka kwao na jina la Kijawa alirudi akiitwa Haji Abdullah au Haji Abdurrahman, na jina hilo ndilo lililobaki katika nasaba. Kwa hiyo jina linalojulikana na wajukuu halikuwapo duniani siku ile meli ilipoondoka Singapore. Hili peke yake limewapoteza watafutaji wengi.

Jambo la tatu ni herufi. Waingereza waliandika walivyosikia: Syed, Seyd, Said, Hadji, Hadjee, Alsagoff, Al Sagof. Na mashine zinazosoma picha za magazeti ya kale hukosea tena juu ya makosa ya mwanzo. Mwenye kutafuta ajaribu sura zote za jina, kisha aache kutafuta kwa jina na asome kurasa za tarehe zile kwa macho yake, safu kwa safu. Kazi hiyo inachosha, lakini haina njia ya mkato.

Magazeti ya Kiingereza ya Singapore, likiwamo The Straits Times lililoanza mwaka 1845, yanapatikana bila malipo katika hazina ya magazeti ya Maktaba ya Taifa ya Singapore, iliyofunguliwa katika intaneti mwaka 2009. Ya Uholanzi na makoloni yake yako katika hazina ya Delpher. Wala asiyadharau ya Australia na New Zealand, nayo pia yako wazi, kwa kuwa yalikuwa yakinakili khabari za London na mara nyingine yamehifadhi kipande kilichopotea kwingine. Singapore lilikuwapo pia Jawi Peranakan, gazeti la Kimalei kwa herufi za Kiarabu, lililoanza mwaka 1876. Mwanafunzi wa Pwani aliyezoea Kiswahili cha herufi za Kiarabu ataiona khati ile kuwa ya ndugu yake, ijapokuwa lugha hajui.

Nje ya magazeti kuna penye majina zaidi. Serikali ya Kidachi tangu mwaka 1859 iliwalazimisha mahujaji wa makoloni yake kuchukua hati ya safari, na ikafungua ubalozi mjini Jeddah mwaka 1872 uliokuwa ukiwafuatilia. Lakini uangalifu unahitajika hapa: wengi walipitia Singapore kwa makusudi ya kuikwepa sheria ile, na hao hawatakuwamo katika daftari za Kidachi. Wengine walikopeshwa nauli na kuilipa kwa kufanya kazi katika mashamba ya Alsagoff huko Johor, na mkataba wa deni ni lazima umtaje mdaiwa. Na nyaraka za utawala wa Aden zimo katika kumbukumbu za Ofisi ya India, Maktaba ya Uingereza, London.

Huenda msomaji akauliza, haya ya Wajawa yanatuhusu nini? Nitamjibu kwa kitabu alichoanza nacho utotoni. Safinatun-Najaa, ambayo kila mtoto wa chuo katika Pwani yetu ameipitia, mtungaji wake ni Sheikh Saalim bin Sumeyr wa Hadhramaut (wasomaji wasimchanganye na Sayyid Ahmad bin Sumeyt wetu wa Zanzibar, aliyefariki 1925), naye alifariki Batavia, nchi ya Jawa, mwaka 1271H. Na mwenye kuisherehesha, Sheikh Nawawi wa Banten, alikuwa hai Makka akisomesha mwaka ule ule wa 1297. Waliopona katika Jeddah walikuwa ni watu wa kitabu chetu na madhehebu yetu.

Na msiba wa namna hii umetufika sisi wenyewe. Meli ya Tilawa iliondoka Bombay tarehe 20 Novemba 1942 kuja Mombasa na bandari za kusini, ikapigwa na manowari ya Kijapani tarehe 23 karibu na Shelisheli. Katika watu 958 walikufa 280. Waliookolewa, wengi wao na meli ya kivita ya Birmingham, walirudishwa Bombay. Waislamu wa Kihindi wa miji yetu wanaotafuta jamaa zao wa Tilawa wana nafuu kwa kuwa zama ziko karibu, lakini wana uzito ambao watu wa Jeddah hawakuwa nao: magazeti ya wakati wa vita yalikuwa chini ya udhibiti wa serikali. Ukimya wa gazeti la Novemba 1942 si hoja ya kitu chochote. Hao naona watafaidika zaidi na Gazeti Rasmi la serikali ya Kenya, ambalo matoleo yake ya kale yamo katika intaneti, kwenye matangazo ya mirathi ya miaka iliyofuata. Huko marehemu hutajwa kwa jina, mji, na mara nyingi siku ya kufa.

Inabaki hukumu ya hiyo karatasi mkononi. Nasaba kwetu huthibiti kwa istifaadha, yaani kuenea kwa khabari baina ya watu wa mahali pale kwamba fulani ni mwana wa fulani, na inajuzu kuitolea ushahidi kwa kusikia. Maandishi peke yake, hasa ya asiyejulikana, si bayyina kwa mashekhe wetu. Ni qarina, alama ya kutia nguvu. Kwa hiyo imamu akiletewa kipande cha gazeti la 1880 na familia ambayo tangu zamani inajulikana katika mji wake kuwa ni ya Haji fulani aliyeokoka baharini, gazeti linakuja kuipa tarehe khabari iliyokwisha kuthibiti. Akiletewa na mtu ambaye hana istifaadha yoyote, amekuta tu meli iliyobeba watu 992 wasio na majina na akaona babu yake anaweza kuenea humo, basi hana kitu, na juu ya mali ya watu haifai kumfungulia hata mlango wa mazungumzo. Na aliyezama, Mtume (S.A.W.) amemhesabu katika mashahidi, wajukuu wake hawahitaji gazeti ili wamwombee dua.

Aliye na mapokezi kama hayo aanze na magazeti ya Singapore kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba 1880, kisha ayatazame ya Novemba. Arafa ya mwaka ule ilikuwa katikati ya Novemba, miezi mitatu baada ya Aden, na khabari za kurejea kwa mahujaji zaanza kutafutwa hapo na kuendelea mpaka mwaka 1881. Wallahu a'lam.